Parafujo ya Chuma Katikati ya Atlantiki

Safari ya merikebu Mayflower ya mwaka 1620 husimuliwa sana makanisani kama habari ya watu waliomtegemea Mungu. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini William Bradford, aliyekuwamo merikebuni na baadaye akawa gavana wa makazi ya Plymouth, aliandika pia habari za mbao, maji na vyuma, na sehemu hiyo sisi wahubiri huiruka.

Baadhi ya wasafiri hao walikuwa Waingereza waliojitenga na kanisa la nchi yao, wakakimbilia Uholanzi na kukaa mjini Leiden. Hawakuwa Walutheri; malezi yao yalitoka upande wa Calvin. Walikuwa na vyombo viwili: Mayflower, merikebu ya mizigo ya tani 180 hivi, na Speedwell, kijimerikebu cha tani 60. Mchungaji wao, John Robinson, alibaki Leiden na sehemu kubwa ya usharika. Alifariki mwaka 1625 bila kuiona Plymouth.

Speedwell ilivuja tangu mwanzo. Walipoondoka Southampton mwezi Agosti ilikuwa imekwisha kurekebishwa, lakini baada ya siku chache ikawabidi waingie bandari ya Dartmouth. Robert Cushman, mmoja wa viongozi wao, aliandika kutoka huko kwamba palikuwa na ubao wa futi mbili ambao mtu angeweza kuung'oa kwa vidole vyake. Wakatengeneza, wakaondoka, wakafika mbali baharini, maji yakaingia tena. Wakarudi hadi Plymouth ya Uingereza na kuiacha kabisa.

Bradford alitoa sababu mbili. Aliwatuhumu mabaharia wake kwa hila, maana walikuwa wameajiriwa kwa mwaka mzima na waliogopa njaa ya ng'ambo. Akasema pia kwamba chombo kilikuwa kimewekewa milingoti mikubwa mno, nayo matanga yakikibana, mbao zinaachana. Kilipouzwa na kurudishiwa mpangilio wake wa zamani, kilisafiri mara nyingi bila shida. Sisi tuliowahi kukaa katika kamati za ujenzi za sharika tunaifahamu habari hii bila kufafanuliwa.

Basi Mayflower ikaondoka peke yake tarehe 6 Septemba kwa kalenda ya wakati ule, ikiwa na abiria 102. Upepo mwema uliwachukua kwa muda, kisha dhoruba zikafuatana. Sehemu za juu za merikebu zikaanza kuvuja, na boriti kuu moja ya katikati ikapinda na kupasuka. Hapo hofu ikaingia. Viongozi wa abiria wakaenda kwa nahodha, Christopher Jones, na wakuu wa mabaharia, wakauliza waziwazi kama ni afadhali kurudi. Mabaharia wenyewe hawakuwa na neno moja: walitaka mshahara wao, lakini hawakutaka kufa kwa ajili yake.

Jones akajibu kwamba chini ya maji merikebu ni imara. Kuhusu boriti, abiria walikuwa na parafujo kubwa ya chuma iliyoletwa kutoka Uholanzi, kifaa cha kuinulia vitu vizito, kama jeki yetu. Kwa hiyo wakaisukuma boriti hadi mahali pake. Seremala akaahidi kusimamisha nguzo chini yake na kuifunga barabara. Sitaha wakaikalafati kadiri walivyoweza. Bradford hafichi kwamba kazi hiyo isingedumu, kwa sababu mbao za chombo cha matanga hucheza usiku na mchana, na kilichozibwa leo huachia kesho. Sharti moja tu lilibaki: wasiibebeshe matanga kupita nguvu zake.

Baada ya hayo ndipo anaandika kwamba walijikabidhi kwa mapenzi ya Mungu na kuendelea mbele. Mpangilio huo tunauona kuwa wa maana. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 merikebu ya Paulo inafungwa kamba kuzunguka tumbo lake, na Paulo hawakemei mabaharia kwa kukosa imani. Luther naye, katika Katekisimo Ndogo, anapofafanua mkate wa kila siku, anahesabu humo nyumba, shamba na mengine ya namna hiyo. Parafujo ile ingepata nafasi humo bila kusukumana. Tunapomwambia mama mwenye paa linalovuja aombe tu, huku katika usharika yumo fundi mwenye ngazi, hatumfundishi imani zaidi ya ile ya Bradford. Tunamnyima fundi.

Jina la aliyeileta parafujo Bradford hakulitaja.

Walitia nanga Cape Cod tarehe 11 Novemba, katika nchi ya Wawampanoag, ambao ugonjwa uliofika na Wazungu ulikuwa umeua wengi wao miaka michache kabla. Karibu nusu ya abiria wenyewe walikufa majira yale ya baridi. Jones aliirudisha Mayflower Uingereza mwaka 1621, akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1624 merikebu ilithaminiwa kwa pauni 128 hivi, ikiwa imekwisha kuwa gofu.