Moshi wa Baruti Chini ya Mlima Meru

Oktoba 1896 wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru waliwaua wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, huko Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Wajerumani cha Moshi, alilipiza kisasi akiwa na askari wake wa bunduki na wapiganaji wengi wa Kichagga. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikafyekwa. Miaka michache baadaye wenyeji wakashurutishwa kujenga Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho.

Tumezoea kusema mkuki ulishindwa na bunduki. Lakini bunduki bila baruti ni bomba la chuma tu.

Neno baruti tumelipata kwa Waarabu, ambao zamani waliita hivyo shura, ile chumvi inayotiwa ndani yake. Ukichukua shura sehemu 75, makaa 15 na salfa 10, unapata baruti nyeusi. Waingereza huiweka katika kundi la propellant, neno lenye asili ya Kilatini, maana yake kitu cha kusukuma mbele. Hapo ndipo penye siri yake. Baruti ya bunduki huungua upesi sana, lakini haipasui kila kitu kwa mpigo mmoja. Gesi yake hutanuka nyuma ya risasi na kuisukuma mpaka itoke mdomoni mwa mtutu. Baruti ya wachimbaji wa tanzanite kule Mirerani ni kitu kingine: kazi yake ni kuvunja mwamba, na ukiitia kwenye bunduki itaupasua mtutu usoni mwako. Kiswahili kinaziita zote baruti, na kwa jambo la hatari kiasi hiki naona tungestahili kuzitenganisha.

Baruti nyeusi ina kasoro moja kubwa. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki chembechembe, na hizo ndizo moshi mzito mweupe na masizi yanayoganda ndani ya mtutu. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Waingereza wakafuata mwaka 1889 na kodaiti, iliyochanganywa na mafuta ya mgando na kukamuliwa kama tambi.

Wajerumani wa huku hawakuwapa askari wao Waafrika baruti hiyo mpya kwa wingi. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi bado zilibeba bunduki za Mauser za 1871, za risasi moja moja na baruti nyeusi. Kila askari aliyefyatua aliinua wingu juu ya kichwa chake, na adui mwenye kodaiti akajua pa kulenga. Hata hivyo, Novemba 3 mwaka huo, Waingereza na wanajeshi wao kutoka India waliposhambulia Longido, kaskazini mwa Meru, walirudishwa nyuma. Arusha waliiteka Machi 1916.

Askari wale wa Wajerumani walipigana wakijua kwamba kila risasi waliyoipiga iliwaanika. Silaha hiyohiyo ilitosha kabisa ilipoelekezwa kwa vijana wenye mikuki wa Akeri.