Mlokole wa Kwanza Hakutambulika kwa Sketi Ndefu

Siku hizi ukisema "yule dada mlokole", picha inakuja yenyewe: sketi inayofagia chini, hereni hakuna, kichwani kilemba, na kwenye simu nyimbo za injili tupu. Huyohuyo akikopa kikoba akagoma kulipa, watu wanaulizana, "Mlokole gani huyo?" Kumbe swali hilo ndo chanzo chenyewe cha neno.

Neno limetoka Uganda. Kwa Kiganda, balokole ni watu waliookoka. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe pale Kampala, daktari mmoja Mwingereza alikutana na Mganda mmoja msomi. Daktari alikuwa hoi. Alifanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako njaa kali ilikuwa imeua watu wengi. Wote wawili walikuwa Waanglikana, wamebatizwa, wanasali. Na wote wawili waliona kuna kitu kinakosekana, kwao na kwa kanisa lao. Basi wakakaa siku mbili, Biblia mkononi, wakisoma na kuomba.

Miaka michache baadaye Gahini ikawaka moto, na moto wenyewe haukuanza na mavazi. Wafanyakazi wa hospitali walisimama mbele ya wenzao wakataja walichoiba, kisha wakakirudisha. Mwenye kinyongo na jirani alimfuata hadi nyumbani kwake kumwomba radhi. Hata wamishenari wazungu, jambo la ajabu kwa enzi zile, waliwaomba msamaha Waafrika hadharani. Si wakubwa wote wa kanisa waliofurahi. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi walokole baada ya mvutano kuhusu mikutano yao ya alfajiri. Lakini wakati huo uamsho ulikuwa umeshavuka mipaka, umefika Kenya na upande wa Bukoba, na ndo maana neno lipo mtaani hadi leo.

Sasa, nchi ileile ya Rwanda, miaka ileile, kulikuwa na wimbi lingine, kubwa kuliko hilo mara nyingi. Mwaka 1931 Wabelgiji walimng'oa mwami aliyekuwa hataki kubatizwa na aliyekuwa amegombana nao kwa mengi. Kitini wakamweka mwanawe, kijana aliyekuwa karibu na wamishenari. Ujumbe ulieleweka haraka: chifu anayetaka kubaki na cheo, abatizwe. Chifu akibatizwa, watu wake wanafuata. Wamishenari wa Kikatoliki wenyewe waliliita wimbi lile kimbunga. Mwami mpya alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi nzima wakfu kwa Kristo Mfalme.

Wapo walioamini kweli, hilo lisifichwe. Ila ubatizo ulikuwa pia njia ya kupata shule na kazi. Na miaka hiyohiyo ya 1930 serikali ya kikoloni ilianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mtu alikuwa na majina mawili ya kujitambulisha, la ubatizo na la kabila. Ipi ilikuwa na uzito zaidi, hilo lilikuja kujulikana baadaye.

Ilipofika Aprili 1994, karibu Wanyarwanda tisa kati ya kumi walikuwa Wakristo. Mauaji ya kimbari yalipoanza, Watutsi wengi walikimbilia makanisani, kwa sababu katika vurugu za nyuma watu walisalimika humo. Safari hii waliuawa humohumo: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Waliowaua walikuwemo watu waliokuwa wakikaa nao benchi moja Jumapili.

Kule Nyange, magharibi mwa nchi, watu kama 1,500 walijificha kanisani. Tarehe 16 Aprili tingatinga lilibomoa jengo na kuwafunika. Paroko, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikubali libomolewe, na mahakama ilithibitisha kwamba alimwonyesha dereva upande wenye ukuta dhaifu. Kisha akaondoka nchini. Miaka iliyofuata alikuwa Italia, karibu na Florence, akihudumu kama padri kwa jina lingine. Kanzu ileile, misa ileile. Alijisalimisha mwaka 2002, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya kesi za Arusha ikamhukumu kifungo cha maisha.

Na walokole je, wenyewe walipona mtihani? Si wote, na hapa ndipo panapouma. Kanisa la Anglikana la Rwanda lililelewa na uamsho wa Gahini, lakini baadhi ya viongozi wake walisimama na serikali iliyokuwa inaua. Askofu wake mmoja alishtakiwa Arusha, akafariki kabla ya kesi yake kusikilizwa. Ule moto nao ulikuwa umeshageuka desturi: ushuhuda unaofanana, wimbo uleule wa kuitikia, nguo za heshima.

Gisenyi, mpakani na Congo, kulikuwa na mama mmoja Mkatoliki, Mhutu, wa umri wa kama miaka 60, aliyekuwa mtumishi wa kanisa. Aliwaficha Watutsi kwenye nyumba ya kanisa aliyoisimamia na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka. Kaka yake alikuwa kanali jeshini, akampelekea ujumbe atoke mapema aokoe roho yake. Akamjibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha watu wake. Wauaji walipofika aliweza bado kujinusuru. Akapanda gari pamoja nao, na tarehe 21 Aprili wakauawa makaburini.

Miaka mitatu baadaye Nyange ikarudi kwenye habari. Usiku wa Machi 1997 wapiganaji waliingia shule ya sekondari ya pale wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Wakajibu kuwa wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, baadhi wakafa palepale. Leo wanafunzi wale na yule mama wa Gisenyi wako kwenye orodha moja ya mashujaa wa taifa, na Rwanda inawakumbuka kila tarehe 1 Februari.