Dekania: Kutoka Uongozi wa Mmoja hadi Uongozi wa Pamoja

Dekania ni muungano wa parokia kadhaa jirani ndani ya jimbo moja. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 374, unatamka kwamba parokia hizo zaweza kuunganishwa ili kukuza uchungaji kwa kutenda pamoja. Hata hivyo, wengi wetu tumezoea kuiona dekania kama ofisi ya Padre mmoja, anayepokea barua za Askofu na kuzisambaza maparokiani.

Majukumu ya Dekano yameainishwa katika kanuni ya 555. Huratibu shughuli za kichungaji, huangalia kwamba Liturujia inaadhimishwa ipasavyo, kwamba vitabu vya parokia vinaandikwa kwa usahihi na mali ya Kanisa inatunzwa vema. Hutakiwa pia kuhakikisha kwamba mapadre wagonjwa hawakosi msaada wa kiroho na wa kimwili. Mara nyingi mtu huyohuyo ni Paroko mwenye vigango vyake vya kuhudumia. Akiugua au akihamishwa, mipango husimama, kwa kuwa aliibeba peke yake. Wanaoumia kwanza ni walio pembezoni: kigango cha mpakani kinachokaa muda mrefu bila Misa, au mgonjwa asiyejua ni Padre yupi wa kumwita usiku.

Ushirikiano katika uongozi si fasheni ya nyakati hizi. Katika sura ya 18 ya Kitabu cha Kutoka, Yethro anamwonya Musa kwamba atachoka, yeye pamoja na watu wake, asipowagawia wengine mzigo. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, Mitume waliitisha jumuiya, nayo ikachagua watu saba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Utume wa Walei ya mwaka 1965, ulihimiza mabaraza ya ushirikiano kati ya wakleri, watawa na walei. Hati ya Mwisho ya Sinodi, iliyopitishwa tarehe 26 Oktoba 2024 na kuidhinishwa na Baba Mtakatifu Fransisko, imeomba vyombo vya ushiriki viwe vya lazima, tena imesisitiza uwazi, uwajibikaji na tathmini.

Kwa vitendo, timu ya dekania yaweza kuundwa na Dekano, mapadre wa parokia husika, watawa, makatekista, na wawakilishi wa Halmashauri za Walei na wa vyama kama WAWATA, UWAKA na VIWAWA. Timu hiyo hupanga ratiba ya pamoja ya Misa za vigango na ya kuwatembelea wagonjwa, huandaa semina za ndoa na za makatekista, na huweka kumbukumbu za maandishi ambazo Dekano mpya atazikuta. Mhasibu mlei mwenye ujuzi aweza kumshauri Paroko katika hesabu. Mama aliyelea yatima huona mahitaji ambayo ripoti haziyaoni.

Lakini tusichanganye mambo. Timu si bunge, wala wingi wa kura haubadili imani ya Kanisa. Askofu hubaki mchungaji wa jimbo, na Dekano hubaki mwenye kuwajibika mbele yake. Hata pale kanuni ya 517 inaporuhusu parokia kukabidhiwa mapadre kadhaa kwa mshikamano, mmoja wao lazima awe msimamizi anayewajibika kwa Askofu. Kazi ya wote isiyo na mwenye kuijibia hugeuka haraka kuwa kazi ya hakuna. Kwa upande mwingine, Hati ya Sinodi inafundisha kwamba mwelekeo uliopatikana kwa mang'amuzi ya kweli ya pamoja hauwezi kupuuzwa. Kuwaita watu kutoa maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa ni kuwavunja moyo.

Mabadiliko haya yanatudai sote uongofu. Sisi mapadre tunadaiwa unyenyekevu wa kusikiliza na kukubali kuulizwa. Nanyi waamini mnadaiwa kushiriki, kuanzia katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambako uongozi wa pamoja hujifunzwa kwanza. Tumwombe Roho Mtakatifu atufundishe kubeba mzigo huu pamoja, ili asisahaulike yeyote katika kundi la Bwana.