Padri aliyeomba kuingia jeshini pamoja na wanafunzi



Kila mara kwenye sherehe ya kugawa diploma tunasomewa historia ya chuo: mwaka wa kuanzishwa, jina la mwanzilishi, majina ya marekta, hesabu ya fakulte. Tunapiga makofi, kisha tunakimbilia kupiga picha. Mimi mtoto wa Nyantende, leo nataka niwaambie habari za mtu mmoja ambaye orodha za namna ile hazimuweki. Hakuwa rekta. Alikuwa padri wa wanafunzi. Jina lake sisi wote wa Bukavu tunalijua juu ya kifo chake, lakini kile alichofanya chuoni, miaka 25 mbele ya kufa, wengi hatujakisikia.

Ukitoka mjini, ukapita Panzi na kufika kwetu Nyantende, barabara inaendelea kupanda upande wa Walungu. Huko mbele njo Burhale. Katika parokia hiyo, kijijini Lukumbo, alizaliwa Christophe Munzihirwa mwaka 1926. Wakati ule Kongo nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana wa mlimani aliyetamani masomo ya juu, mlango wake ulikuwa seminari. Munzihirwa alipewa upadri mwaka 1958, akaingia shirika la Wajezuiti mwaka 1963, akasoma mambo ya jamii na uchumi kule Louvain, Ubelgiji. Aliporudi akatumwa Kinshasa, kulea vijana wa shirika lake na kuwa padri wa wanafunzi wa chuo kikuu.

Ili tuelewe alikuta nini huko, turudi nyuma kidogo. Lovanium, chuo cha Wakatoliki karibu na Léopoldville, ilianza mwaka 1954. Chuo cha serikali kule Elisabethville kikafungua mwaka 1956. Chuo cha Waprotestanti kule Stanleyville kikafuata mwaka 1963. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Nchi kubwa vile! Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka ile alikuwa mtu wa kusubiriwa. Serikali ilimuhitaji, na ilimuogopa vilevile.

Wanafunzi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1961 waliunda UGEC, umoja wa wanafunzi wa Kongo yote, wenye kujadili siasa ya nchi bila woga. Mwaka 1968 utawala wa Mobutu ukaupiga marufuku. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Kinshasa wakaandamana. Walidai nyongeza ya pesa ya kusomea, na walitaka nafasi katika uongozi wa chuo. Wanajeshi wakapiga risasi. Vijana wengi walikufa, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo.

Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao wakataka kuwakumbuka wafu wale. Tafadhali tusimame hapo kidogo. Safari hii jambo lenyewe lilikuwa kukumbuka. Jibu la serikali lilikuwa kufunga Lovanium na kuandikisha wanafunzi jeshini kwa nguvu. Jana walikuwa na vitabu, leo wako chini ya amri ya sajini. Mwezi wa Agosti mwaka uleule vyuo vitatu vikaunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, chini ya mkono wa serikali, na vikakaa vile mpaka mwaka 1981.

Sasa huyu padri wetu. Hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mtu wa miaka karibu 45, umri wa baba wa vijana wale. Hakuna amri iliyomgusa. Angeweza kuwaombea kwenye kanisa, angeweza kuandikia wakubwa barua ya heshima, na hakuna mtu angemlaumu. Munzihirwa alidai na yeye aandikishwe jeshini pamoja na wanafunzi wake.

Najua kuna mdogo wangu atauliza: sasa hiyo ilibadilisha nini? Wanafunzi walienda jeshini hata hivyo, na UNAZA iliundwa hata hivyo. Ni swali zuri, na mimi silikimbii. Ukipima kwa matokeo, haikubadilisha kitu. Lakini tuangalie ile adhabu ilitaka kufanya nini. Kumtoa mwanafunzi darasani na kumvalisha nguo ya jeshi kwa nguvu ni kumwambia: wewe si kitu, elimu yako si kitu, na hakuna mkubwa atakayesimama upande wako. Mkubwa mmoja alisimama. Mtu mzima mwenye masomo ya Ulaya alipoomba adhabu ileile, ile aibu ikapungua nguvu. Kwa maoni yangu, hicho ni kitu ambacho historia ya chuo kikuu inapaswa kukiandika kwa herufi sawa na zile za majina ya marekta.

Tena hakuishia hapo. Kuanzia 1980 mpaka 1986 aliongoza Wajezuiti wa Zaire, Rwanda na Burundi. Kisha akawa askofu kule Kasongo, na mwaka 1994 akawekwa askofu mkuu wa Bukavu. Mji ulikuwa umejaa wakimbizi kutoka Rwanda. Mji uleule ulikuwa na chuo kikuu kichanga, UCB, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Mkuu Aloys Mulindwa. Vita ilipofika Oktoba 1996, wakubwa wengi walikimbia. Yeye akabaki na watu. Tarehe 29 Oktoba aliuawa pale Nyawera, katikati ya mji, mahali ambapo wengi wetu tunapita kila siku kwenda masomo.

Mimi nikiweka 1971 na 1996 pamoja, naona mtu mmoja mwenye tabia moja. Watu husema kifo cha shujaa kinakuja ghafla. Kwa huyu, hapana. Kukaa pale ambapo wengine hawana ruhusa ya kuondoka, alikuwa amejifunza zamani, kati ya wanafunzi.

Juu ya nini naandika haya kwenye ukurasa wetu sisi wenye diploma? Kwa sababu Februari 2025 mji wetu uliona tena jeshi likiingia. Na kwa sababu hata siku za amani, mwanafunzi wa Bukavu anajua maana ya kuachwa peke yake: minervali haijalipwa, mwalimu haonekani, kazi haipatikani. Siku zile hatukumbuki chuo kilikuwa na fakulte ngapi. Tunakumbuka nani alikaa na sisi. Pengine ni asistenti aliyesahihisha kazi yako mara tatu bila kudai kitu. Pengine ni sekretari aliyetafuta karatasi yako iliyopotea, mlinzi aliyekuacha usomee chini ya taa yake usiku, au rais wa kikundi cha majadiliano aliyekwenda kuomba kwa ajili ya wenzake na si kwa ajili yake. Watu hawa hawako kwenye hotuba. Wengine wameshazeeka, na wakienda, wanaenda na habari zao.

Kwa hiyo naleta ombi, na komite yetu ilisikie. Kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja wa chuo chake, mfanyakazi au mwanachama wa zamani wa kikundi cha wanafunzi. Amkalie chini, aandike: alianza mwaka gani, alifanya kazi gani, aliona nini mwaka 1996, alisaidia nani. Amuombe kwanza ruhusa kabla ya kulitaja jina lake. Mimi nitaanza hapahapa Nyantende, na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye maktaba ya chuo. Ameshanikubalia, Jumamosi nitakwenda na daftari.

 Mwenye habari za wanafunzi wa 1971 waliotoka kwetu Kivu, aandike hapa chini, tusome.