Meli Inayoundwa Mara Mbili

Mtu wa Lalago, katika nchi ya Maswa, hana bahari, ana pamba. Hata hivyo, kabla ya reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, mazao ya Usukuma yaliyokwenda ng'ambo yalivuka Ziwa Nyanza kwa meli hadi Kisumu, yakashika reli ya kwenda Mombasa. Mkulima wa bara alikuwa mteja wa mabaharia bila ya kuuona wimbi.

Sisi wa visiwani hupenda kudhani kuwa uundaji wa vyombo ni elimu yetu peke yetu. Mtepe ulishonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari. Mwaka 2003 mafundi waliunda mmoja Unguja, ukaitwa Shungwaya. Lakini watu wa visiwa vya Sese, kule Nyanza, nao walishona mbao za mitumbwi yao. Sidhani kama mmoja alimwiga mwenziwe.

Ulipokuja mvuke, kamba ilipokewa na chuma. Ziwa halina mlango wa bahari, basi meli ilibidi ifike vipande vipande. William Mackinnon, kazi ya mafundi wa Paisley, Scotland, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900 baada ya sehemu zake kupitia hata vichwani mwa wapagazi. Victoria nayo iliungwa kwa bolti Scotstoun, Glasgow, ikafumuliwa, ikavuka bahari, ikapanda treni, ikaundwa upya Kisumu na kushushwa mwaka 1960. Fundi wa mtepe angeifahamu kazi hiyo mara moja: naye alizoea kufumua na kushona tena.

Kwa mwenye mzigo, hata hivyo, naona uvumbuzi mkubwa zaidi ulikuwa Umoja, kivuko cha katikati ya miaka ya 1960. Sitaha yake ina reli. Behewa huingia na kutoka na shehena yake, pasipo mchukuzi kuigusa.

MV Mwanza, iliyoanza kuundwa mwaka 2019 na kushushwa Februari 2023, imeungwa papo hapo Mwanza, kwa ushirikiano wa Wakorea na Suma JKT. Haikuundwa mara mbili, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini ni meli ya watu: abiria 1,200, mizigo tani 400. Reli za sitaha ya Umoja zina upana wa mita moja, ilhali reli mpya inayojengwa kuelekea Mwanza ina milimita 1,435. Behewa lake halitapanda pale. Atakayechora kivuko kijacho itambidi, kabla ya kuchagua injini, aamue ni reli ipi ataitandika sitahani.