Ardhi Yenye Wenyewe

Kaskazini mwa Babati, upande wa Magugu, kuna njia panda iitwayo Mbuyu wa Mjerumani. Hapo gari la Mbulu huiacha barabara kuu na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Chini kuna joto na majaruba ya mpunga. Juu kuna ukungu, mahindi, maharage, na baridi inayomfanya mgeni atoe koti begini hata mchana. Mimi nilipanda mlima huo miaka ya themanini, kijana wa Korogwe niliyetoka chuo cha mifugo Tengeru, nimepangiwa kazi. Nilistaafu nikiwa mkazi wa Katesh, wilayani Hanang, na sijafikiria kurudi Tanga.

Josho na chanjo vilinipitisha karibu kila kijiji cha Mbulu na Hanang. Bwana mifugo hawezi kumtibu ng'ombe bila kuuliza anakula wapi, anakunywa wapi, na ni wa nani. Kwa maswali hayo matatu nilisomeshwa historia ya wilaya hizi mbili na wazee ambao hawakuwahi kuiandika. Nimeondoka na jambo moja ninaloliamini kabisa: huku hapakuwahi kuwa na ardhi isiyo na mwenyewe. Kila jamii ilikuwa na namna yake ya kuonesha kwamba mahali fulani ni pake. Lakini serikali, ya mkoloni kisha ya kwetu, ilizoea kutambua alama moja tu, ile ya jembe.

Anza Kainam, si mbali na mji wa Mbulu, kwenye vilima vinavyokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nchi hiyo Wairaqw wanaiita Irqwar Da'aw, na ndiko wanakosema walianzia kabla ya kusambaa. Katika karne ya 19 uwanda wa chini ulikuwa hatari. Wamasai walivamia na kuswaga mifugo, kwa hiyo watu walibanana milimani. Walijenga tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likaenda sambamba na mteremko na kuota majani, kiasi kwamba adui angeweza kupita karibu asijue kwamba pana nyumba. Ng'ombe walilala humo humo ndani na watu.

Kubanana kuliwalazimisha kulima kwa akili. Sehemu ndogo ilipaswa kulisha watu wengi kila mwaka bila kuchoka. Asubuhi mama alizoa samadi kutoka upande wa ng'ombe, akaipeleka shambani kwa kikapu. Matuta yalikingama na mteremko, na magugu yalifukiwa chini yake yaoze. Maji ya mvua yalitafutiwa njia pembeni yasiukate udongo, na mabonde ya majimaji yaliachiwa nyasi. Wataalamu wa kilimo wamekwenda Kainam miaka mingi kutazama kazi hiyo, na wengi wameondoka wakikiri kwamba walikuja kujifunza.

Mipaka ya nchi, kwa upande wake, ililindwa kwa ibada. Wazee wa tambiko walimzungusha mnyama wa kafara kwenye mpaka ili magonjwa na balaa vibaki nje. Aliyeishi ndani ya mzunguko huo alikuwa na haki na wajibu. Aliyelima nje yake alijua amekwenda mwituni.

Kitu kilichonisumbua zaidi kazini Kainam ni daftari la josho. Lilikuwa na safu moja tu ya mmiliki. Nikimuuliza mtu, "Baba, hawa ng'ombe ni wako?" ananijibu, "Watatu ni wangu, bwana mifugo. Yule mwekundu ni wa shemeji yangu wa Dongobesh, na yule mwenye baka ni wa rafiki yangu." Ng'ombe wake wengine nao walitunzwa kwa watu wengine. Ndivyo Wairaqw walivyofanya tangu zamani: mwenye mifugo hakai nayo yote zizini kwake. Anayetunza anapata maziwa na samadi, mwenyewe anapata ndama. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja haumfilisi mtu, na maskini naye anapata mbolea ya shamba lake. Mpango huo umeshikilia rutuba ya vilima vile kuliko mfuko wowote wa mbolea wa dukani, na haukuwa na nafasi kwenye fomu ya serikali.

Wajerumani walipojenga boma Mbulu, uvamizi ulipungua na watu wakaanza kushuka. Wakati wa Waingereza vichaka vilifyekwa kuondoa mbung'o, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango wa maendeleo wa Mbulu ulioambatana na amri ya kupunguza ng'ombe. Wazee waliikumbuka amri hiyo kwa uchungu, na nami niliyevaa gwanda la idara ya mifugo ilinibidi nisikilize kwa adabu kabla sijafungua boksi la sindano. Wairaqw wakaenea Karatu, Dongobesh, Haydom, hadi Hanang. Haydom, pori la jana, ikapata hospitali ya Walutheri wa Norway mwaka 1955, na mji ukakua kuizunguka.

Upande wa magharibi ardhi inashuka tena kwenye bonde la Yaeda. Huko ni kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji. Mtu anayetafuta tuta, ukuta au zizi atasema hapana kitu. Lakini kaa nao siku moja. Mama anachimba viazi pori kwa mti uliochongwa ncha, na anajua ni mwamba upi una mizizi mitamu na upi uliochimbwa mwaka jana unaopaswa kupumzishwa. Kijana anasimama chini ya mbuyu na kukuonesha vigingi vilivyopigwa shinani na watu waliotangulia kupanda kufuata asali. Mbuyu ule umelisha vizazi. Serikali ilijaribu mara kadhaa kuwaweka vijijini walime, mojawapo ikiwa makazi ya Yaeda Chini miaka ya sitini, na kila mara wengi walirudi porini. Wakati huo huo wakulima na wafugaji waliendelea kuingia, kwa sababu pori lilionekana tupu.

Kilichobadili mambo ni karatasi. Mwaka 2011, kwa kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Wahadzabe wa vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga walipata hati za kimila za jumuiya kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Hati haikudai walime. Ilikubali kwamba kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali ni matumizi halali ya ardhi. Leo kwa kulitunza pori hilo wanapata pia fedha za biashara ya hewa ukaa, na fedha hizo zimelipia walinzi wa jamii, matibabu na ada za shule.

Wabarbaig wa Hanang hawakupata bahati hiyo.

Ukitoka Haydom kwenda Katesh unapita nyanda za Basotu, nchi iliyonyooka mpaka Mlima Hanang usimame mbele yako na mita zake zaidi ya 3,400. Udongo ni mweusi, mzito. Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, waliitumia Hanang nzima kwa zamu: mlimani, bondeni, kando ya mito, na ufukweni mwa ziwa la chumvi la Balangida. Nyanda za Basotu, wanazoziita muhajega, ndizo zilikuwa malisho bora kuliko yote. Mzee mmoja wa Gidagamowd alinieleza hivi huku akikwaruza ardhi kwa fimbo: "Bwana mifugo, nyasi za pale ni dawa. Zinaliwa wakati wa mvua tu, ng'ombe wakinenepa tunaondoka. Ukikaa mwaka mzima, unaziua." Mgeni aliyefika kiangazi aliona uwanda usio na mtu wala ng'ombe. Utupu huo ulikuwa ndio utunzaji wenyewe.

Na alama zilikuwapo. Mzee aliyeheshimika akifa, Wabarbaig humjengea bung'eda. Kaburi hilo hupandishwa kwa miezi, karibu tisa, kwa miti, udongo na majani. Koo hukutana, pombe ya asali hutengenezwa, nyimbo huimbwa, hadi kilima kile kinapita kimo cha mtu. Baada ya hapo familia hurudi kila mara kuomba na kutoa sadaka. Kwa Mbarbaig, kusema "bung'eda ya babu iko pale" ni kusema nchi ile ni ya ukoo wetu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianza kulima ngano Basotu. Taifa lilihitaji mkate, na wakulima wa nyika za Kanada walikuwa na ujuzi wa mashamba makubwa. Mashamba yakafika saba, takribani ekari 100,000, yakilimwa kwa matrekta makubwa na kuvunwa kwa kombaini. Ngano ilitoka kweli, nyingi, na sitadharau jasho la waliofanya kazi pale. Lakini njia za ng'ombe kwenda majini zilikatwa, makaburi yakapitiwa na majembe ya trekta, na wafugaji wakasukumwa kwenye ardhi duni iliyochoka haraka. Mvua zikaanza kuchimba makorongo kwenye mashamba yaliyokuwa wazi.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile, na wadai hawakuthibitisha ipasavyo kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1987 serikali ikatoa tangazo la kufuta haki za kimila kwenye ardhi ya mashamba yale. Watu ambao babu zao wamelala ndani ya ardhi ile walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wa pale, na vilima vya makaburi havikukubalika kuwa ushahidi wa kutosha. Katika historia yote ya Hanang, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Leo kwenye mnada wa Katesh utawakuta wote. Mama wa Kiiraqw ameteremsha vitunguu swaumu kutoka Bashay, mama wa Kibarbaig mwenye bangili za shaba anapima kitambaa, na vijana wa pikipiki wanapiga kelele za abiria wa Basotu. Wameoana, wanakopeshana ng'ombe, wanazikana. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa zilipobomoa ubavu wa Mlima Hanang, na tope, mawe na magogo vikashuka Gendabi na Katesh na kuua watu zaidi ya 80, hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila wakati wa kuchimba kutafuta miili. Kuishi pamoja watu wa huku wanakujua vizuri.

Kinachobaki ni kazi ya maandishi. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji inaendelea kuandaliwa, na mara nyingi ramani huanza na mashamba, kisha makazi, halafu kinachobakia kinaitwa eneo la wazi. Naomba maofisa ardhi wa Mbulu na Hanang waanze kwa kuwaketisha wazee. Bung'eda ziwekwe kwenye ramani pamoja na zahanati na visima. Malisho ya msimu yaandikwe kwa miezi yake, na njia za kwenda majini zipewe upana unaojulikana kisheria. Mongo wa Mono na Domanga wameshaonesha kwamba sheria ya 1999 inaweza kubeba haki ya mtu asiyelima. Na kesi ya Mulbadaw ifundishwe katika sekondari za mkoa wetu wa Manyara, ili kijana atakayekuwa hakimu, mpimaji au bwana mifugo ajue kwamba ardhi inayopumzishwa ina mwenyewe sawa na ardhi iliyolimwa, na amtafute kabla ya kuigawa.