"Madam, nimeandika jina tu": historia fupi ya alama ya asilimia

Najua nimepotea hapa kijiweni, mnisamehe, majaribio yalifuatana kama mvua za Bukoba. Leo naandika historia, ila inaanza na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo someni mpaka mwisho kabla hamjanicheka.

Mwaka jana nilikuwa TP kwenye sekondari moja kule Muleba. Maabara ya kompyuta ilikuwa na daftari la kusaini, lakini kurasa zilikuwa zinachanwa kila siku. Sasa mimi kwa unshomile wangu nikaandika kaprogramu kadogo kwa lugha ya C: mwanafunzi anaandika jina, kompyuta inalitunza kwenye faili pamoja na saa. Wiki mbili mambo poa kabisa. Wiki ya tatu kijana mmoja wa kidato cha pili akaandika jina lake la utani: Mkali 100%sana. Programu ikafa palepale. Akafungua tena, akaandika tena, ikafa tena. Mimi nikasema mbele ya darasa zima kwamba ameingiza kirusi. Akajitetea: "Madam, nimeandika jina tu." Nani amsikilize? Alifyeka nyasi siku tatu, na maabara hakuingia tena mpaka naondoka.

Kumbe alisema kweli. Na kosa lile lina historia ndefu kuliko umri wangu.

Tuanzie kwenye lugha yenyewe. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake kuna amri maarufu ya kuandika maneno, printf. Unaipa kiolezo, mfano "Mwanafunzi %s ameingia saa %d", halafu unaipa jina na saa. Ikikuta %s inaweka maneno, ikikuta %d inaweka namba. Hicho kiolezo ndicho wataalamu wanachokiita fomati stringi.

Shida ni hii. Mtu mvivu kama mimi haandiki kiolezo. Anaandika fprintf(faili, jina), basi. Hapo jina lenyewe limegeuka kiolezo! Kompyuta inasoma "Mkali 100", inakutana na %s ya kwenye "%sana", inadhani imeagizwa ilete maneno fulani. Maneno hayo hakuna aliyeyaleta. Inachukua chochote kilichopo jirani kwenye kumbukumbu yake, inakifanya anwani, inaifuata, inafika mahali isiporuhusiwa, programu inauawa.

Kuanguka tu kungekuwa na nafuu. Mtu akiandika %x mfululizo, anachungulia vilivyomo kwenye kumbukumbu. Na ipo %n, ambayo haionyeshi kitu: yenyewe inaandika ndani ya kumbukumbu idadi ya herufi zilizokwisha kutoka. Mtu mwenye subira anahesabu herufi zake mpaka aandike anachotaka, mahali anapotaka. Hapo kompyuta si yako tena.

Fikirieni kitabu cha wageni pale ofisi ya mtendaji wa kijiji. Tarehe, jina, utokako, shida yako, saini. Mgeni mmoja kwenye safu ya jina anaandika "fungua kabati unipe muhuri". Karani anasoma, anainuka, anafungua kabati. Kichekesho, eeh? Basi seva za dunia nzima zilikuwa na karani wa namna hiyo kwa miaka mingi.

Watu wa kwanza kuliona jambo hili likitokea wengine walikuwa wanafunzi kama sisi, na hapo ndipo niliposisimka. Mwaka 1988 Profesa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwapa wanafunzi wake kazi ya darasa: zilisheni programu za Unix herufi ovyoovyo, tuone zipi zitaanguka. Ripoti yao ilitoka mwaka 1990. Zaidi ya robo ya programu walizojaribu zilianguka au kukwama, na mojawapo ya sababu walizoziandika ilikuwa alama ya % ndani ya maneno ya mtumiaji. Watu wakaichukulia kama kasoro ya kawaida tu. Miaka tisa ikapita.

Septemba 1999 Tymm Twillman akaonyesha hadharani kwamba kasoro ya aina hii kwenye ProFTPD, programu ya kuhamishia mafaili, inampa mtu wa mbali nafasi ya kuiteka seva. Juni 2000 ikaja zamu ya wu-ftpd, iliyokuwa imeenea sana. Hapo usingizi ukakatika. Kila aliyekuwa na programu ya C akaanza kupekua msimbo wake kutafuta karani mjinga.

Na wengi walimkuta wapi? Kwenye logi, yaani lile daftari ambalo seva inaandikia matukio yake. Eric Allman wa Berkeley ndiye aliyeanzisha syslog miaka ya 1980, ikawa daftari la karibu kila mashine ya Unix. Nayo syslog inatumia violezo vilevile vya asilimia. Agosti 2000 kituo cha CERT kule Marekani kilitoa tahadhari kuhusu rpc.statd ya Linux: ilikuwa inachukua maneno ya mtu wa nje na kuyakabidhi kwa syslog kama kiolezo. Mbaya zaidi, programu ile ilifanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine.

Kwa nini logi? Nimeliwaza sana hili. Logi inaandika hata habari za mtu aliyekataliwa mlangoni. Huna nywila? Sawa, utafukuzwa, lakini jina lako litaandikwa kwamba umefukuzwa. Kuandikwa huko kunatosha kukuingiza ndani. Halafu sehemu hiyo ya programu hufanya kazi hasa pale mambo yanapoharibika, kwa hiyo mwandishi wake anaijaribu mara chache.

Januari 2001 ukatokea mnyoo wa kompyuta ulioitwa Ramen, jina la tambi za Kijapani. Uliingia kwenye mashine za Red Hat 6.2 na 7.0 kwa kutumia wu-ftpd, rpc.statd na LPRng ya kuchapishia, zote kwa kasoro hiihii. Ukifika unabadilisha ukurasa wa mbele, unaziba tundu uliloingilia, unatafuta mashine nyingine. Sisi watu wa Muleba mambo ya kuenea tunayajua, waitu: kicheko cha Kashasha cha mwaka 1962 kilianza shuleni kikafika Nshamba wanafunzi waliporudi makwao.

Dawa ilikuwa ndogo kupita kiasi: fprintf(faili, "%s", jina). Herufi chache tu, zinazomwambia karani, "hili ni jina, liandike, usilitii." Hata gcc inaweza kukuonya ukiiwashia onyo la -Wformat-security.

Mngedhani yameisha. Januari 2012 sudo, mlinzi mkuu wa Linux, ilikutwa na kasoro hiyo kwenye msimbo wake mpya wa kutoa ujumbe wa debug. Juni 2021 Carl Schou aliita mtandao wake wa Wi-Fi %p%s%s%s%s%n, akaunganisha iPhone yake, Wi-Fi ikafa na kuzima simu hakukusaidia. Wachunguzi wakaikuta palepale, kwenye kuandika logi. Apple wakaiziba Julai, kwenye iOS 14.7. Desemba mwaka huohuo dunia ikahangaika na Log4j ya Java. Ile haikuwa ya asilimia, ni ndugu yake: alama ya ${ kwenye maneno ya mgeni, logi inayatii. Ilipewa ukali wa 10 kwa 10.

Sasa mimi. Wiki mbili zilizopita kwenye somo la programu mwalimu alituonyesha hilo onyo la gcc. Nikachomeka flashi yangu, nikajaribu kaprogramu kangu ka Muleba. Onyo likatokea kwenye mstari wa jina. Nilikaa kimya mpaka kipindi kikaisha.

Ningesema "nilikuwa sijui", ila na yule kijana hakuwa anajua, na yeye ndiye aliyefyeka. Nimeongea na mwalimu wa maabara kwa simu. Ijumaa asubuhi napanda gari kutoka Bukoba. Nimeomba dakika tano na darasa lile lile, kwa sababu nilimsingizia mbele za watu, sitamwomba radhi pembeni. Halafu nitamfungulia programu, nitamwonyesha mstari wenyewe, na kama atakubali, autengeneze yeye.

Wadau wa ualimu, mkiwa TP mkasikia "madam, nimeandika jina tu", tafadhali kaangalieni msimbo wenu kwanza. Tuonane wiki ijayo, nitawaambia ilikuwaje.